Nguzo Bila Mfalme: Maziko ya Majabali ya Lothagam Kaskazini na Kipimo cha Historia katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanajadili eneo la maziko la Lothagam Kaskazini, lililoko kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambalo ni jengo la kumbukumbu la mawe makubwa la kale kuliko yote yanayojulikana katika Afrika Mashariki. Swali kuu ni hili: je, jengo kubwa la mawe ni ushahidi wa kuwapo kwa mtawala aliyeamuru lijengwe? Kwa kufuata hatua za ujenzi wa eneo hilo na namna wafu walivyozikwa, makala yanaonesha kwamba wafugaji wasiokuwa na dola waliweza kupanga na kukamilisha kazi iliyovuka vizazi vingi. Ulinganisho unafanywa na kaburi la Newgrange nchini Ireland, lililojengwa karibu na kipindi hicho hicho. Sehemu ya mwisho inaeleza maana ya hoja hiyo kwa historia ya maeneo kama Iyula, katika Wilaya ya Mbozi, ambako hakuna magofu ya mawe yanayovuta macho ya mtafiti.

1.0 Utangulizi

Katika Mkoa wa Songwe, jiwe linalojulikana kuliko yote ni Kimondo cha Mbozi. Lina urefu wa mita 3 hivi, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, na sehemu yake kubwa ni chuma. Wenyeji walilifahamu tangu zamani, lakini maandishi ya kitaalamu huanza kulitaja baada ya mpimaji ardhi W. H. Nott kulifikia mwaka 1930. Mwaka 1967 lilitangazwa kuwa kumbukumbu inayolindwa. Hakuna masimulizi ya wenyeji yanayoeleza siku lilipoanguka, na jambo hilo limechukuliwa kuwa dalili kwamba lilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu za jamii zinazoishi hapo leo.

Kimondo ni jiwe lililofika lenyewe. Hakikuchongwa, hakikubebwa wala kusimamishwa na mtu yeyote. Historia, kwa maana ya kazi na maamuzi ya binadamu, huanza pale watu wanapoamua kulihamisha jiwe kutoka lilipo na kulisimamisha mahali wanapopataka. Kwa sababu hiyo, mtafiti wa historia ya kale ya Afrika Mashariki hulazimika kuelekea kaskazini, katika Bonde la Ziwa Turkana, ambako miaka 5000 iliyopita watu walifanya hivyo hasa. Walisimamisha nguzo za mawe juu ya makaburi ya ndugu zao.

Swali linaloongoza makala haya halihusu jiografia ya Turkana peke yake. Kwa muda mrefu, historia ya Afrika kabla ya ukoloni imepimwa kwa kuwapo au kutokuwapo kwa dola. Jamii iliyokuwa na mfalme, jeshi na jumba la mawe ilipewa sura nzima kitabuni, na ile isiyokuwa navyo ilipewa aya moja. Kipimo hicho kina dhana ndani yake, nayo ni kwamba kazi kubwa haifanyiki bila mkubwa wa kuiamuru. Lothagam Kaskazini ni mahali pazuri pa kuijaribu dhana hiyo, kwa sababu kazi iliyofanyika pale ni kubwa na watu walioifanya wamezikwa hapo hapo.

2.0 Majabali na nadharia za wageni

Kabla ya kuliangalia eneo lenyewe, ni muhimu kueleza jinsi mawe yaliyojengwa na Waafrika yalivyosomwa na wataalamu wa awali. Mfano unaofahamika zaidi ni Great Zimbabwe. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alitoa hoja kwamba magofu yale yalikuwa kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akaithibitisha hoja hiyo kwa uchimbuaji makini. Hata hivyo, walowezi waliendelea kwa miongo mingi kuyahusisha magofu hayo na Wafoeniki, Waarabu au Malkia wa Sheba.

Afrika Mashariki nayo ilipata sehemu yake ya mjadala huo. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika juu ya kile alichokiita ustaarabu wa Azania nchini Kenya. Alikusanya pamoja mashimo ya nyanda za juu, makaburi ya mawe, matuta ya kilimo na barabara za kale, kisha akayatazama yote kama masalia ya watu mmoja waliokuwa na maendeleo na ambao baadaye walitoweka. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia wa Marekani, George Peter Murdock, alipendekeza kuwapo kwa Wakushi wa majabali walioshuka kutoka Ethiopia wakiwa na ujuzi wa kujenga kwa mawe. Katika maelezo ya namna hii, jiwe likawa kama kitambulisho cha mgeni. Palipoonekana mawe yaliyopangwa, palitafutwa kabila la mbali lililoyapanga.

Utafiti wa baadaye uliitenganisha mizigo hiyo iliyofungwa pamoja. John Sutton, katika kazi yake ya mwaka 1973 juu ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, alionesha kwamba yale yaliyoitwa mashimo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyounganishwa na nyumba, na kwamba waliyoyatumia walikuwa wafugaji wenye uhusiano na jamii zinazoishi katika ukanda huo hadi leo. Makaburi ya mawe nayo yakaonekana kuwa ya vipindi tofauti na ya watu tofauti.

Tanzania haikukosa maziko ya namna hii. Katika Kreta ya Ngorongoro kuna matuta ya mawe yaliyofunika makaburi ya wafugaji wa kale. Hamo Sassoon, aliyesimamia mambo ya kale nchini katika miaka ya 1960, alichimbua mojawapo na kuchapisha taarifa yake mwaka 1968. Bakuli za mawe zilizopatikana katika matuta ya Ngorongoro zinafanana na zile za makaburi ya wafugaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Kwa hiyo utamaduni wa kuwazika watu chini ya mawe ulienea kusini hadi Tanzania ya leo, ingawa matuta ya Ngorongoro ni machanga kuliko nguzo za Turkana.

3.0 Eneo la Lothagam Kaskazini

3.1 Ziwa linalorudi nyuma

Ziwa Turkana la leo limezungukwa na nchi kame, lakini hali haikuwa hivyo daima. Katika kipindi kirefu cha mvua nyingi kilichofuata mwisho wa zama za barafu, ziwa hilo lilikuwa na kina kikubwa zaidi na kingo zake zilifika mbali. Watu waliishi kando yake kwa kuvua samaki kwa chusa za mifupa, kuwinda na kukusanya matunda ya porini. Kipindi hicho cha mvua kilipokaribia kwisha, maji yalianza kushuka kwa haraka, na kwa muda wa karne kadhaa yakapungua kwa makumi ya mita. Mahali palipokuwa na ghuba pakawa nchi kavu, na wavuvi wakaona maji yakiwakimbia.

Katika mabadiliko hayo ndipo wanapoonekana kwa mara ya kwanza ng'ombe, mbuzi na kondoo katika bonde hilo, takriban miaka 5000 iliyopita. Ufugaji uliingia ukiwa njia mpya ya maisha katika mazingira yasiyotabirika. Mfugaji hakujua mvua itanyesha wapi, wala malisho ya mwaka huu yatakuwa upande gani. Ng'ombe aliweza kufa kwa ukame, kwa ugonjwa au kwa kuibwa. Katika hali hiyo, kinga ya mtu ilikuwa watu wengine: jamaa, marafiki na washirika wa kubadilishana mifugo waliotawanyika katika nchi pana.

Wakati huo huo ndipo nguzo zilipoanza kusimamishwa. Pande zote mbili za ziwa kuna maeneo kadhaa ya namna hii. Upande wa mashariki kuna Jarigole, na upande wa magharibi kuna Lothagam Kaskazini, Lothagam Magharibi, Manemanya na Kalokol. Maeneo haya hayafanani kwa kila kitu, lakini kwa ujumla yana jukwaa la mawe na nguzo zilizoletwa na kusimamishwa kwa makusudi. Katika mengi yao vimepatikana pia vipande vya vyungu vya mtindo wa Nderit, vyungu vyenye mapambo mengi vinavyohusishwa na wafugaji wa mwanzo.

Kalokol inastahili kutajwa kwa sababu inaonesha jinsi tarehe moja inavyoweza kubadili maelezo yote. Waturkana huziita nguzo hizo Namoratunga, yaani watu wa mawe, na husimulia kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma hadi wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha hoja kwamba nguzo 19 za mahali hapo zilipangwa kuelekea nyota zinazotumiwa katika kalenda ya Waborana, na wakaziweka katika mwaka wa 300 KK hivi. Hoja hiyo ilisambaa sana. Upimaji wa baadaye ulionesha kwamba nguzo hizo ni za kale zaidi kwa maelfu ya miaka, na kwamba ni ndugu wa nguzo za Lothagam. Masimulizi ya Waturkana hayatoi tarehe, lakini yana jambo ambalo kalenda ya nyota ililipita bila kuliona. Yanasema kwamba ndani ya mawe yale kuna watu.

3.2 Hatua za ujenzi

Maelezo kamili zaidi ya Lothagam Kaskazini yalitolewa mwaka 2018 na Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo, Elizabeth Sawchuk na wenzao. Walichimbua sehemu ndogo tu ya eneo na kulipima lililosalia kwa rada inayopenya ardhini, bila kuvuruga makaburi zaidi ya ilivyohitajika. Tarehe zao zinaonesha kwamba eneo lilijengwa na kutumika kati ya miaka 5000 na 4300 hivi iliyopita.

Mpangilio wa kazi ulikuwa kama ifuatavyo. Kwanza, lilitengenezwa jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita 30 hivi na kuzungushiwa mawe makubwa. Pili, katikati ya jukwaa palichimbwa shimo la maziko lenye eneo la mita za mraba 119.5. Tatu, wafu walizikwa ndani ya shimo hilo kwa muda mrefu, wengine juu ya wengine, mpaka likajaa. Nne, shimo lilifunikwa kwa mawe. Mwishoni, juu ya mfuniko huo zilisimamishwa nguzo, ambazo baadhi zilitolewa umbali unaofikia kilomita moja. Karibu na jukwaa yaliongezwa maduara na malundo ya mawe.

Mpangilio huu una uzito mkubwa kuliko ukubwa wa mawe yenyewe. Shimo la mita za mraba 119.5 halichimbwi kwa ajili ya msiba mmoja, wala kwa misiba ya mwaka mmoja. Waliolichimba walikuwa wakitayarisha nafasi kwa ajili ya watu ambao bado walikuwa hai, na kwa ajili ya wengine ambao hawajazaliwa. Wafugaji wanaohama, ambao hawakuweza kujua kambi ya mwezi ujao itakuwa wapi, waliafikiana juu ya mahali ambapo vitukuu vyao watazikwa. Makubaliano hayo yalidumu kwa karne kadhaa.

Vilevile, nguzo zinazoonekana kwa mbali leo, zile zinazomfanya mgeni aulize ni nani aliyekuwa mkuu wa mahali hapa, zilikuja mwishoni. Kizazi kilichozisimamisha hakikuwa kinaanzisha kazi bali kinaifunga. Kama nguzo zingekuwa alama ya mtawala, ingetarajiwa zijengwe enzi za uhai wake au juu ya kaburi lake. Hapa zimewekwa juu ya wote kwa pamoja, baada ya shimo kujaa.

3.3 Waliozikwa

Kwa kutumia wingi wa mifupa katika sehemu iliyochimbuliwa, watafiti walikadiria kwamba shimo lina watu wasiopungua 580. Hesabu rahisi inaonesha jinsi walivyobanana, kwani ni takriban watu watano kwa kila mita moja ya mraba. Wamo wanaume na wanawake, wazee, vijana na watoto wachanga. Hakuna sehemu iliyotengwa kwa ajili ya kundi fulani, na hakuna kaburi lililopewa heshima inayolitofautisha na mengine.

Karibu kila aliyezikwa alikuwa na mapambo yake. Kulikuwa na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga na vidani vya mawe ya rangi, na vitu vilivyotengenezwa kwa meno ya kiboko. Mmoja wa waliozikwa alikuwa na pambo lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Mapambo hayo yanatofautiana kutoka mtu hadi mtu, kana kwamba kila mmoja alizikwa na vitu vilivyomtambulisha, lakini hayakurundikwa kwa wachache huku wengine wakiachwa mikono mitupu. Hata watoto walikuwa nayo. Kwa kuwa mtoto mdogo hajapata muda wa kujichumia sifa au mali, mapambo yake yanaeleza kuhusu waliomzika zaidi ya yanavyoeleza kumhusu yeye.

4.0 Mjadala: usawa wa kaburini na usawa wa maisha

Hitimisho la watafiti wa mwaka 2018 ni kwamba hakuna ushahidi wa matabaka katika Lothagam Kaskazini. Hitimisho hilo linastahili kujaribiwa kwa pingamizi tatu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kaburi linaweza kuficha tofauti za maisha. Zipo jamii na dini zinazomzika tajiri na maskini kwa sanda ya aina moja, ilhali walipokuwa hai walitofautiana sana. Pingamizi hili ni la kweli, na linazuia madai kwamba wafugaji wa Turkana waliishi bila ugomvi wala tofauti ya mali. Inawezekana kabisa kwamba mmoja alikuwa na ng'ombe wengi na mwingine akiwa na mbuzi wawili. Lakini hata likikubaliwa, pingamizi hilo haliwezi kumrudisha mfalme. Mtawala anayeamuru ujenzi wa kumbukumbu hufanya hivyo ili akumbukwe yeye. Kama alikuwepo Lothagam, basi aliamuru kazi iliyomfuta jina.

Pingamizi la pili linahusu idadi. Maziko 580 yakigawanywa kwa miaka 700 ni chini ya ziko moja kwa mwaka, yaani takriban moja kwa kila miezi 14 hadi 15. Idadi ya 580 ni makadirio ya chini, na muda halisi wa matumizi unaweza kuwa mfupi zaidi, kwa hiyo wastani huo ni wa kukisia tu. Hata hivyo, unazua swali: je, kila aliyefariki alizikwa pale, au walichaguliwa baadhi? Ikiwa walichaguliwa, uchaguzi haukufuata umri wala jinsia. Huenda ulifuata ukoo, mahali mtu alipofia au namna alivyokufa. Maelezo yoyote yanayokubaliwa lazima yakumbuke kwamba mtoto mchanga na mzee walistahili mahali pamoja.

Pingamizi la tatu ni la nguvu kazi. Nani aliwapanga watu kubeba mawe? Jibu limo katika hesabu hiyo hiyo. Kazi iliyogawanywa katika karne kadhaa haihitaji umati wa vibarua wala msimamizi mwenye fimbo. Kila kusanyiko la msiba lilikuwa pia kusanyiko la kazi. Watu waliokuja kutoka mbali waliketi pamoja, walipeana habari za malisho na maji, walipanga ndoa na kubadilishana mifugo, na pengine waliondoka wakiwa wameongeza mawe machache. Shughuli mbili tu, yaani kuchimba shimo mwanzoni na kusimamisha nguzo mwishoni, ndizo zilizohitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Hizo zingeweza kusimamiwa na wazee walioheshimika bila ya wao kuwa watawala.

Kwa mtazamo huu, sababu ya kujenga inaonekana wazi. Ziwa lilipokuwa likirudi nyuma na malisho yakihama, jamii zilihitaji kitu kimoja kisichohama. Makaburi ya pamoja yaliwapa sababu ya kurudi, na kurudi kuliwapa nafasi ya kuonana. Mawe yalishika miadi ambayo hali ya hewa isingeweza kuishika.

5.0 Ulinganisho: Newgrange

Wakati wafugaji wa Turkana walipokuwa wakichimba shimo lao, wakulima wa bonde la mto Boyne nchini Ireland walikuwa na kazi yao. Kaburi la Newgrange lilijengwa mnamo 3200 KK, kabla ya mapiramidi ya Misri. Ni kilima cha mawe na udongo chenye kipenyo cha mita 85 hivi, kilichozungushiwa mawe makubwa 97. Ndani yake kuna njia nyembamba yenye urefu wa mita 19 inayoishia katika chumba cha maziko. Michael J. O'Kelly, aliyelichimbua kati ya mwaka 1962 na 1975, aligundua kwamba juu ya mlango kuna tundu linaloruhusu jua la asubuhi kupenya hadi chumbani katika siku fupi kuliko zote za mwaka, mwezi Desemba.

Ulinganisho wa maeneo haya mawili unafundisha. Newgrange ni jengo kubwa zaidi, lakini ndani yake yalipatikana mabaki ya watu wachache tu. Lothagam ina watu mamia. Newgrange ilijengwa na wakulima walioishi katika nchi yenye mvua ya uhakika, na Lothagam ilijengwa na wafugaji wa nchi iliyokuwa ikikauka. Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba mwanamume mmoja aliyezikwa Newgrange alizaliwa na wazazi wenye undugu wa damu wa karibu kabisa, kama vile kaka na dada. Watafiti hao walilichukua jambo hilo kuwa dalili ya ukoo wa kitawala, kwa kuwa mahali pengine duniani ndoa za namna hiyo zimehusishwa na familia za kifalme. Wengine wameipinga tafsiri hiyo, wakisema kwamba kipande kimoja cha mfupa hakitoshi kumtawaza mfalme.

Mjadala huo haujamalizika, na si lengo la makala haya kuumaliza. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata Ireland, ambako jengo ni kubwa na limechunguzwa kwa miongo mingi, kuwapo kwa mtawala kunahitaji kuthibitishwa kwa ushahidi wa waliozikwa. Ukubwa wa mawe peke yake hautoshi. Kanuni inayotumika Ireland inapaswa kutumika Turkana, na inayotumika Turkana inapaswa kutumika kila mahali.

6.0 Maana yake kwa historia ya Iyula na nyanda za Mbozi

Iyula ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha. Mtafiti anayefika huko akiwa na kipimo cha majabali atarudi bila kitu. Hakuna nguzo, hakuna kilima cha kaburi wala ukuta wa mawe unaofanana na hayo yaliyoelezwa hapo juu. Akija na kipimo cha dola, atapata kidogo zaidi, kwa kuwa Wanyiha hawakuwa na ufalme mmoja uliowaunganisha wote. Walikuwa na himaya ndogo ndogo, kila moja ikiwa na mwene wake.

Pamoja na hayo, historia ya Wanyiha ilipata nafasi katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Roberts mwaka 1968 juu ya Tanzania kabla ya mwaka 1900, katika sura iliyoandikwa na Beverley Brock. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1965, Brock na mwenzake walikuwa wamechapisha makala juu ya uhunzi wa Wanyiha. Kuyeyusha chuma kulihitaji wachimba mawe yenye madini, wachoma mkaa, wafinyanzi wa tanuri na wavukutaji, na kazi yote ilifuata miiko na utaratibu uliorithishwa. Hiyo nayo ni kazi kubwa iliyofanywa na wengi kwa utaratibu. Tofauti yake na Lothagam ni kwamba tanuri la udongo hubomoka, na jembe lililotokana nalo huisha shambani.

Hapa ndipo hoja ya Lothagam inapofika Iyula. Ikiwa jengo kubwa kuliko yote ya kale katika ukanda huu lilikuwa zao la ushirikiano wa watu wasio na mtawala mkuu, basi kinachopaswa kutafutwa na mwanahistoria ni ushirikiano wenyewe, iwe umeacha mawe au haukuacha. Kaburi la kijijini lililochimbwa na majirani kwa zamu, bila malipo, na kufunikwa kwa udongo mtupu, lina swali lile lile ndani yake: nani aliitwa, nani alikuja, nani alileta chakula, na kwa nini wote walikubali kwamba huo ni wajibu wao? Maswali haya yanaweza kuulizwa wazee wa leo, na majibu yake hayatapatikana kwa rada.

Lipo pia suala la hifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua miongoni mwa kumbukumbu zinazolindwa majengo na maziko yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa maandishi, sheria hiyo haibagui kati ya kaburi la mawe na kaburi la udongo. Kwa utekelezaji, kaburi lisilo na alama ni vigumu kulitambua, ni vigumu zaidi kulipatia tarehe, na ni rahisi sana kulipitishia barabara au trekta. Kinachobaki kulilinda ni jina la mahali na kumbukumbu ya watu wanaojua kwamba pale hapalimwi. Kumbukumbu hiyo ikikatika, hakuna nguzo itakayomzuia mpita njia ili aulize. Kwa hiyo, kuandika majina ya mahali, masimulizi ya koo na taratibu za maziko katika kata kama Iyula ni kazi ya akiolojia kwa kiwango kile kile cha kuchimbua, na ina muda mfupi zaidi wa kufanyika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili Lothagam Kaskazini kwa kuzingatia mpangilio wa ujenzi wake na hali ya waliozikwa. Shimo lilitangulia na nguzo zikafuata, na kati yake zilipita karne ambazo watu wasiopungua 580 wa rika zote walizikwa pamoja, kila mmoja na mapambo yake, bila mmoja kuinuliwa juu ya wengine. Ushahidi huo hauthibitishi kwamba wafugaji wale waliishi katika usawa kamili. Unathibitisha jambo dogo zaidi lakini lililo imara: kwamba kazi kubwa, iliyopangwa kwa muda mrefu, iliwezekana bila jina la mtawala kuandikwa juu yake.

Kwa ufundishaji wa historia nchini Tanzania na Kenya, matokeo ya hoja hii ni ya kivitendo. Jamii za wafugaji na wakulima zisizokuwa na dola hazipaswi kuwekwa mwanzoni mwa sura kama ngazi ya chini inayosubiri wafalme waje. Zinapaswa kuulizwa maswali yake zenyewe, yaani namna zilivyofanya makubaliano yadumu, zilivyogawana kazi na zilivyowakumbuka watu wao. Turkana yapo mawe yanayojibu sehemu ya maswali hayo. Iyula na maeneo mengi yanayofanana nayo, majibu bado yamo katika vinywa vya watu, na hayo hayawezi kusubiri miaka 5000.